Kama Haifai, Unainunulia Nini?

Bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa utani wetu mimi ni mume wake, alinisikia nikiongea kwenye simu kuhusu spika za hai-fai. Nilipokata simu akaniuliza, "Sasa mume wangu, kama haifai, unainunulia nini?" Nikacheka, nikamweleza kwamba hilo ni neno la Kiingereza lililofupishwa, maana yake uaminifu wa hali ya juu. Nikadhani nimemaliza. "Spika nayo inakuwaje na uaminifu?" akauliza. "Imeolewa?"

Ningeuchukulia kama utani wa bibi tu na kuusahau, kama nisingekuwa na jozi mbili za spika sebuleni kwangu, zote za watu, na wiki mbili za kuamua ipi ibaki.

Jozi ya kwanza ni ya Kiingereza. Ilikuwa ya mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake hapa Dar akawa anauza kila kitu mpaka sufuria. Ya pili ni ya Kiitaliano, mali ya rafiki yangu fundi wa sauti, aliyehitaji fedha za kumalizia chumba chake cha studio. Zote ni zile spika ndogo za kuweka juu ya rafu au stendi, kimo chake kama rula ya shule ya sentimita 30, na kila mwenye mali alitaka shilingi milioni tatu, bila amplifaya. Chapa zenyewe sizitaji. Hapa si dukani, na hukumu yangu ni ya sebule moja ya Tabata yenye feni ya darini na sakafu ya vigae, haiwezi kuwa hukumu ya dunia.

Najua milioni tatu ni nini. Ni ada, ni mabati, ni matibabu ya mtu. Kuna insha nzima ya kuandikwa kuhusu mtu anayelipa fedha hiyo ili asikie vizuri wimbo ambao tayari anaujua, na wapo watakaoiandika vizuri kuliko mimi. Nitasema tu kwamba tulikuwa na sabufa ya Kariakoo ya laki moja na nusu na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulalamika. Inapiga besi mpaka vikombe vinatembea kabatini, watoto wanacheza, maisha yanaendelea. Sabufa haijawahi kumdanganya mtu kwa sababu haijawahi kumwahidi kitu.

Hizi nyingine zinaahidi, na kila moja inaahidi cha kwake. Za Kiingereza ni kavu. Hazikupi kitu ambacho hakimo kwenye rekodi. Ukipiga wimbo uliorekodiwa ovyo zinakwambia umerekodiwa ovyo, tena zinakwambia mbele ya wageni. Za Kiitaliano zina ubavu wa mbao halisi ambao ukipita unataka kuupapasa, na sauti yake ina joto. Mwimbaji anakuja ameiva, kama ndizi ya siku ya tatu. Kuna vitu vidogo vinapotea njiani, lakini ni vile ambavyo hukuwa umeviulizia.

Basi swali ambalo nilidhani ni la masikio likaanza kugeuka. Kati ya anayekuambia kweli na anayekufurahisha, na yeyote utakayemchukua utakaa naye nyumba moja miaka ishirini, unamchukua nani?

Nianze na ukoo wa zile za Kiingereza, maana ukoo wenyewe ni hadithi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ndogo ya kuweka ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo fundi mitambo amebanwa na mashine pande zote na spika kubwa haiingii. Wakabuni LS3/5A, kisanduku cha mbao cha kimo cha sentimita 30 hivi na upana wa 19, chenye spika mbili ndani, moja ya sauti nene na za kati, nyingine ya sauti nyembamba. Spika hizo za ndani zilitengenezwa na KEF, kampuni iliyoanzishwa Kent mwaka 1961. BBC haikuwa kiwanda, hivyo ikatoa leseni kwa makampuni kama Rogers, na kisanduku cha kazini kikaishia kwenye sebule za watu. KEF nao walipoadhimisha miaka yao hamsini walitoa LS50, mwaka 2012, wakisema wazi kwamba wazo limetoka kwenye kisanduku kile.

Kinachonivutia ni jinsi BBC walivyokuwa wakizipima spika zao. Vifaa vya maabara walikuwa navyo, lakini hawakuishia hapo. Mtu anakaa studio anazungumza, na chumba cha pili wahandisi wanamsikiliza kupitia spika. Kisha wanakwenda kumsikiliza yeye mwenyewe, ana kwa ana, wanarudi tena kwenye spika. Sauti ya mtu akizungumza ilikuwa mizani yao kubwa, kwa sababu hakuna ala ambayo masikio yetu yanaifahamu kama hiyo. Gitaa likibadilika kidogo utadhani ni gitaa jingine. Mama yako akibadilika kidogo utamuuliza kama anaumwa.

Sasa, hapa ndipo wapenzi wa kweli tupu wanapoanza kutazama pembeni. Kisanduku kidogo hakiwezi kutoa besi ya chini kabisa. Fizikia imekataa, hewa kinayoweza kuisukuma haitoshi. LS3/5A ina uvimbe mdogo kwenye besi ya juu, pale ambapo kisanduku bado kina nguvu, na uvimbe huo unalifanya sikio lihisi kwamba na ile ya chini ipo. Spika iliyozaliwa ili iseme kweli ilibeba uongo mmoja mdogo tangu tumboni. Wala si siri. Kila anayezijua anaujua uvimbe ule, na wengi wanaupenda.

Je, huo ni uongo kweli? Wasomaji wa hapa mtanielewa nikisema unanikumbusha Mabepari wa Venisi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ile ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1969, hakuridhika na neno mfanyabiashara. Kwa Shakespeare mtu wa kwenye jina la kitabu ni mfanyabiashara, na ni mmoja. Kwa Mwalimu wakawa wengi, na wakawa mabepari. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, neno bepari halikuwa neno la dukani. Lilikuwa neno la kumnyooshea mtu kidole. Huo ni uvimbe kwenye besi. Nimeshabishana na watu wanaouita usaliti wa matini. Mimi naona Mwalimu alijua kuna sauti nene ndani ya tamthilia ile, ya riba na chuki na uzito wa fedha, ambayo masikio ya msomaji wake wa 1969 yasingeipata kwa neno la kawaida, hivyo akaongeza mahali ambapo Kiswahili kilikuwa na nguvu. Ninachomdai mtafsiri, na mhandisi, ni kwamba ajue ameongeza. Mwalimu kwa jinsi alivyoijua lugha, siamini neno lile lilimponyoka.

Kwa hiyo nilianza majaribio yangu nikiwa sina uhakika hata kama kweli ninayoitafuta ipo.

Wa kwanza kuingia sebuleni alikuwa Siti binti Saad. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri kwa ajili ya HMV, na baadhi ya nyimbo zile zimehamishwa kwenye vyombo vya leo. Kupitia spika za Kiingereza nilichosikia kwanza kilikuwa mkwaruzo, mchanga unaomwagwa juu ya bati, na nyuma yake, mbali, mwanamke anaimba kama yuko ng'ambo ya barabara. Nikahamisha waya. Kupitia za Kiitaliano mkwaruzo ulirudi nyuma na Siti akasogea. Mke wangu aliacha kuchambua mchicha, akaja kusimama mlangoni na ungo mkononi.

Ipi ilikuwa na uaminifu? Kama uaminifu ni kwa rekodi, za Kiingereza zimeshinda; mkwaruzo umo kwenye santuri, ni sehemu yake. Kama uaminifu ni kwa Siti, hesabu inageuka, maana koo la Siti halikuwa na mchanga. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza ana kwa ana pale Unguja akasikia bati. Lakini mimi simjui Siti. Alifariki mwaka 1950, miongo kadhaa kabla sijazaliwa. Huyo mwanamke aliyesogea karibu na kochi langu ni nani basi? Yawezekana ni mtu niliyemtunga mwenyewe, kwa msaada wa mbao za Kiitaliano na wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert. Nampenda, huyo mtu. Siwezi kuapa kwamba ni yeye.

Rafiki yangu fundi hakupendezwa na falsafa hii. "Wewe unasikiliza kwa macho," akaniambia. Ana ushahidi. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wa spika kwa miaka mingi katika baraza la taifa la utafiti la Kanada na baadaye kampuni ya Harman ya Marekani, alionyesha pamoja na mwenzake Sean Olive mwaka 1994 kwamba watu wakiziona spika wanazipa alama tofauti na wanazozipa wasipoziona. Umbo, bei na jina huingia masikioni kupitia machoni. Na kuna jambo la pili katika kazi ya Toole ambalo lilinishangaza zaidi. Watu wasipoona wanachosikiliza, wengi wao huelekea kupenda spika zile zile zinazofanya vizuri kwenye vipimo, zisizoongeza sana wala kupunguza sana. Yaani ukimziba mtu macho, kweli na raha haziko mbali kama nilivyokuwa nimezipanga mimi.

Tukatundika khanga mbili kwenye kamba mbele ya spika. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja akawa anahamisha waya nyuma ya khanga kwa kufuata mpangilio alioutunga mwenyewe na kuuficha daftarini. Ukubwa wa sauti tuliusawazisha kwa programu ya simu, maana spika inayopiga juu kidogo tu kuliko nyingine huonekana bora hata kama si bora. Katika mizunguko kumi na miwili nilichagua za Kiingereza mara saba na za Kiitaliano mara tano. Ningerusha sarafu ningepata hivyo hivyo. Baada ya siku nne za kuhutubia kila mgeni kuhusu ukavu na joto! Mke wangu, asiyejua ipi ni ipi wala asiyejali, alichagua za Kiitaliano mara tisa. "Hizi zinaimba," alisema. "Zile zinasoma taarifa ya habari."

Mambo yangeishia hapo. Nyumba nyingi yangeishia hapo. Lakini nilikuwa bado sijafanya jaribio la BBC, la mtu akizungumza.

Nilitaka sauti za watu ambao nimewahi kukaa nao ana kwa ana. Sasa, kama kuna kitu mwandishi wa habari anacho kwa wingi ni hicho. Nina mafaili ya mahojiano ya miaka kumi kwenye diski moja, mengi sijayafungua tangu siku niliyoyanukuu. Nikaanza kuyapiga moja moja. Dereva wa bodaboda. Mkunga. Diwani.

Kabla sijafika kwenye faili lenyewe niseme kitu kuhusu kinasa sauti. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Edison ilizunguka Marekani na maonyesho ya aina yake. Mwimbaji anasimama jukwaani kando ya gramafoni, anaimba pamoja na rekodi yake mwenyewe, mara anaimba mara ananyamaza, na wakati mwingine taa zinazimwa, watu wanaambiwa watambue mtu ni lini na mashine ni lini. Wengi walishindwa. Miaka mingi baadaye mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alieleza ilivyokuwa: aliifanya sauti yake ifanane na ya mashine. Wala si mashine iliyompanda mtu. Mtu ndiye aliyeshuka. Kila mwandishi ameliona hili. Mtu anakusimulia vizuri kabisa jinsi mafuriko yalivyobeba mbuzi wake, unaweka simu mezani urekodi, anakohoa, anakaa sawa, anaanza kuongea kama redio.

Faili ninalolisema ni la miaka sita iliyopita, kutoka kijiji kimoja cha kusini. Ardhi ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya mradi na swali lilikuwa fidia. Nilikaa na mama mmoja wa miaka sitini hivi kwenye benchi chini ya mwembe, watu wamesimama pembeni kama kawaida. Nikamwamkia, tukaongea habari za mvua, nikauliza kama wamelipwa. Alijibu, "Tumelipwa. Tunashukuru. Mungu yupo." Nilirudi Dar kwa basi, nikainukuu sauti ile kwa kipaza sauti cha simu huku abiria wa jirani anakula mahindi, nikaandika makala. Maneno yale yakawa kichwa cha habari. Miezi michache baadaye nilimsikia ofisa mmoja akiyanukuu mkutanoni kama ushahidi kwamba wananchi wameridhika, na sitaficha, nilijisikia fahari.

Kupitia spika za Kiingereza, saa nne usiku, feni imezimwa, nilisikia swali langu. Kisha kimya. Kimya hicho kwenye daftari langu hakikuwepo, kwa sababu kimya hakinukuliwi. Ndani ya kimya, upande wa kulia, sauti ya mwanamume, chini sana: "Mwambie mmelipwa." Kisha yule mama anavuta pumzi. "Tumelipwa." Kimya kingine. "Tunashukuru. Mungu yupo."

Kila msemaji wa Kiswahili anajua "Mungu yupo" mbili. Ipo ya shukrani, inayopanda mwishoni, ya mtu aliyepona au aliyefaulu. Na ipo ile nyingine, inayoshuka, ya mtu aliyedhulumiwa na asiye na mahakama ya kwenda isipokuwa hiyo moja. Herufi ni zile zile. Nilikuwa nimeziandika zote sawasawa, sikubadilisha hata nukta, na nilikuwa nimeandika uongo.

Sikuyaamini masikio yangu, na baada ya biashara ya khanga nilikuwa na haki ya kutoyaamini. Mtu akishaambiwa pana kitu hukisikia hata kama hakipo. Nikamwita mke wangu, sikumwambia chochote, nikampigia kipande kile. Hakusubiri kiishe. "Huyo mwanamume anayemwambia aseme ni nani?"

Nikahamisha waya kwenye za Kiitaliano. Yumo. Laini zaidi, amejificha kidogo kwenye kivuli cha sauti ya mama, lakini yumo. Nikachukua simu yenyewe, nikacheza faili kwa kile kile kipaza sauti chake kidogo kama tundu la sindano. Yumo. Miaka sita alikuwa humo akinong'ona. Simu haikuwa imenidanganya hata kidogo. Vipokea sauti vya masikioni vya elfu ishirini vingenionyesha mtu yule usiku ule ule niliporudi. Sikuwa nimesikiliza. Nilikuwa na jibu nililolihitaji na tarehe ya mwisho kesho yake.

Hapo nikaanza kulielewa vizuri swali la bibi. Neno uaminifu lina undugu na neno amana, kitu cha mtu ulichoachiwa ukitunze. Anayekuachia amana ndiye unayewajibika kwake, wala si yule anayepita akaona kitu kinang'aa akafurahi. Nilikuwa nimepima spika zangu kwa kuuliza zinanifanyia nini mimi, mnunuzi, msikilizaji, mwenye kochi. Hata nilipojiona mpenda kweli, ilikuwa kweli kwa ajili yangu. Ila aliyetoa sauti ni mwingine, na ndiye anayeweza kudhulumiwa. Kwa Siti dhuluma ni ndogo. Nikimsogeza karibu zaidi ya alivyorekodiwa, sidhani kama atalalamika. Kwa yule mama wa benchi, joto la Kiitaliano na haraka ya gazeti vilikuwa ndugu. Vyote vinalainisha pale panapokwaruza.

Mnadhani basi nilizinunua za Kiingereza. Nilitaka sana. Nilitaka kuzinunua kama mtu anavyonunua msahafu mpya baada ya kukamatwa. Kuna hata mfano wa kunitia moyo: Yamaha NS-10, spika iliyotolewa mwaka 1978 kwa ajili ya nyumbani, nyumbani hawakuipenda, lakini mafundi wa studio wakaikumbatia kwa sababu ilionyesha kila kosa bila huruma. Lakini hata hao wapenda kweli wengi wao walitundika karatasi laini ya chooni mbele ya spika ile ya sauti nyembamba, kupunguza ukali. Kweli tupu nayo ilihitaji pazia.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani unataka kujiadhibu kwa milioni tatu? Hiyo fedha ni nauli ya kwenda kwa huyo mama ukarudi mpaka uchoke. Umeshampigia?"

Sikuwa nimempigia. Nilikuwa nimempigia fundi kuhusu waya, na mhariri wangu wa zamani, aliyenijibu, "Kaka, hiyo imeshapita." Nilikuwa nimeshaanza kuandika insha hii.

Za Kiingereza zilichukuliwa Jumatatu na kijana mmoja wa Mbezi anayerekodi kwaya. Alizisikiliza dakika kumi akiwa amefumba macho, akalipa. Za Kiitaliano zimebaki, nalipa kwa awamu mbili, na nakiri Siti anaendelea kusogea kila Jumapili. Mafaili ya kazi nayasikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, vikavu kupita kiasi, mara mbili kila faili, na mara ya pili nasikiliza yale ambayo sikuyaandika.

Namba ya yule mama ilikuwa bado kwenye daftari la mwaka ule. Ilipokelewa na mjukuu wake, akampelekea simu. Nikamwamkia, nikajitambulisha. Akauliza, "Wewe ndiye yule wa redio?"

"Wa gazeti, mama."

"Aa." Kimya. "Ulituandika vizuri."

Simu ya kawaida hupitisha sehemu ndogo ya sauti ya mtu, kutoka hezi 300 hivi hadi 3,400. Chini ya hapo, ambako kifua kinasikika, inakata. Juu ya hapo, ambako pumzi inasikika, inakata. Nilikaa na simu sikioni nikijaribu kujua kama sauti ile ilikuwa imepanda au imeshuka mwishoni, na sikuweza. Nikamuuliza kama naweza kwenda kumwona. Akasema mvua zimeanza, barabara si nzuri, lakini kama nataka niende. Nimekata tiketi ya Alhamisi.